Mama Chupa na Bwawa la Wakili

Mtu akikuambia kwamba bwawa la kuogelea halina kazi msimu wa baridi, jua huyo hajawahi kulitunza hata siku moja. Nyumbani kwa Wakili wote waliamini hivyo. Baridi ikianza, viti vya plastiki vinarundikwa stoo, turubai la buluu linatandazwa juu ya maji, na basi, habari ya bwawa imekwisha mpaka joto lirudi. Kumbe maji yaliyofunikwa hayalali. Mvua inapenya pembeni na kuyazimua, majani yanaoza chini ya turubai, na baridi yenyewe inayatia njaa. Ndiyo, njaa. Maji baridi yakikosa chokaa ya kutosha ndani yake yanaitafuta ukutani. Yanaitafuna lipu taratibu, wiki kwa wiki, hata ije iwe kama msasa, na siku ya kufunua turubai mtoto wa kwanza kukaa kwenye ngazi anainuka analia.

Mama Chupa aliyajua hayo kuliko mtu yeyote aliyewahi kupita lango lile. Aliyajua kwa miaka ishirini na miwili. Na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza, kwa sababu kila aliyemwona alimwona na chupa ya chai mkononi, na mwanamke mwenye chupa ya chai nani wa kumuuliza habari za maji?

Jina hilo alipewa na mlinzi wa getini. Mlinzi alikuwa mtu wa mizaha, hana dogo. "Shikamoo, Mama Chupa! Leo tangawizi ipo au mnatunywesha maji ya moto?" Naye humjibu, "Marahaba. Ya tangawizi ni ya mume wangu, wewe oa upikiwe." Wanacheka, lango linafunguliwa, anazunguka nyumba kwa nyuma hadi kwenye bwawa, anakomngoja mumewe.

Mumewe huyo ndiye aliyeitwa Daktari. Udaktari wake ulikuwa wa maji. Mwanzo alikuwa fundi wa vigae, na ni yeye aliyelitandika bwawa lile sakafu yake ya vigae vya buluu na vyeupe, kuta na ngazi zikabaki za lipu, kwa mkono safi kabisa, hilo hatumnyimi. Wakili alimpenda kwa ule utaratibu wake. Kazi ilipokwisha akamwambia, "Mzee, usiende. Baki ulitunze ulichokijenga." Muuza dawa za maji akaja, akamkalisha chini saa nzima, akamwonyesha kisanduku cha vipimo chenye vichupa na chupa ndogondogo za matone, akamweleza klorini, asidi, magadi, akaondoka. Daktari alirudi nyumbani siku hiyo kichwa kimemvimba, anaongea maneno ambayo mkewe hakuwahi kuyasikia.

Wiki ile ile mkewe alimpelekea chai, ya kwanza kabisa, kwa mapenzi tu. Alimkuta amechuchumaa ukingoni, jasho linamtiririka, anadondosha matone kwenye kichupa huku akihesabu kwa sauti.

"Hamsini na nane. Hamsini na tisa."

"Unahesabu nini, baba watoto?"

"Usinipoteze. Sitini. Haya maji yana ugonjwa mkubwa. Muuza dawa alisema nidondoshe mpaka kijani kigeuke chekundu, na kila tone lina maana yake. Maji mazima huishia tone la nane, la kumi. Mimi niko sitini na bado." Pembeni yake palikuwa na ndoo nzima ya asidi, tayari kumwagwa.

Mkewe akainama, akatazama kile kichupa. Kilikuwa chekundu cha kung'aa.

"Lakini si chekundu tayari?"

"Chekundu wapi?"

"Hiki hapa, baba watoto. Chekundu pyu. Kimekuwa chekundu tangu zamani."

Daktari alikitazama kichupa, akamtazama mkewe, akakitazama tena. Halafu akakaa chini kwenye saruji, mtu mzima, akafunika uso kwa viganja. Hapo ndipo alipomwambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Alipokuwa mdogo mama yake alikuwa akimtuma bustanini achume nyanya zilizoiva, naye hurudi na kikapu cha nyanya mbichi, na kila mara alichapwa kwa ukaidi. Hakuwa mkaidi. Mbichi na iliyoiva, kwake zote zilikuwa rangi moja ya matope. Nyekundu, kijani, karoti, hudhurungi, vyote kwake ni udongo uliolowa. Bahati yake vigae vya Wakili vilikuwa vya buluu na vyeupe.

"Watanicheka," alisema. "Na unga nitamwaga."

Mkewe hakumcheka. Alimpangusa jasho kwa pembe ya kanga, akachukua kichupa kingine, akachota maji, akadondosha, akahesabu mwenyewe. Kijani kiligeuka chekundu tone la tisa. Maji yalikuwa mazima. Ile ndoo ya asidi ingemwagwa, pampu na lipu vingeliwa ndani ya mwezi, na Daktari angefukuzwa kabla hajajua jina la mbwa wa nyumba.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ilipaswa kuwa ya siku mbili tatu.

Kipimo kilichowasumbua zaidi ni kile cha ukali wa maji, kinachosomwa kwa rangi tupu, hakina kuhesabu. Unadondosha matone matano, unatikisa, kisha unalinganisha na kipande cha plastiki chenye rangi zilizopangwa tangu njano hadi zambarau. Mke hakuwa na muda wa kukariri tarakimu za muuza dawa. Alikuwa na jiko. Basi akazipa rangi majina ya jikoni. Njano ni kiini cha yai: maji makali, yanakula, tia magadi. Ikikolea kidogo ni karoti: tia magadi kwa kijiko tu. Nyekundu safi ni nyanya iliyoiva: saba nukta nne, usiguse kitu. Ikielekea zambarau ni kitunguu: maji yamelegea, tia asidi kikombe. Alimfundisha mumewe maneno hayo manne, naye akayaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake mzuri wa fundi, kila siku mstari mmoja. Jumatatu nyanya. Jumanne nyanya. Jumatano karoti, magadi.

Msimu wa joto ulikuwa mgumu. Nyumba imejaa, watoto wanaruka majini, wageni wamejilaza ukingoni, mwanamke atasimamaje pale anatazama vichupa? Hapo chupa ya chai ikafanya kazi yake ya pili. Anaingia na chai, mume anakunywa, chupa inasuuzwa, inajazwa maji ya bwawa, inafungwa kizibo kwa nguvu, na mke anatoka nayo lango lile lile. Nyumbani mezani anapima. Jioni mume anaambiwa, "Karoti," asubuhi anatia magadi. Siku moja mlinzi, kwa tamaa zake, alimzuia getini.

"Mama Chupa, nimesikia inacheza humo. Chai imebaki. Nigee kidogo, koo limenikauka."

"Imebaki machicha tu."

"Hayo hayo machicha nayapenda!"

"Yamelala tangu jana, utaharisha utuache bila mlinzi," akasema, akapita mbio. Mlinzi alinuna wiki nzima. Nyumbani walicheka mpaka mbavu zikauma. Siku hizo bado walikuwa wakicheka pamoja.

Lakini msimu wa baridi ulikuwa wake. Hapo hakuna mtu uani. Wakili yuko ofisini kwake, mkewe kafunga madirisha, watoto shuleni. Daktari anageuza ndoo, anaikalia, anakunywa chai yake na kupumzisha goti lake bovu, na mke anafanya kazi yote. Anakunja ukingo wa turubai, anachota maji kwa kina cha kiwiko kama inavyotakiwa, anadondosha, anatikisa, anainua kichupa juu penye mwanga. Anazoa majani. Anasafisha chujio. Anapima chokaa, maana alijifunza peke yake, kwa kuikosea mara mbili na kuipata ya tatu, kwamba kadiri baridi inavyozidi ndivyo maji yanavyohitaji kushibishwa zaidi. Mume wake alitaka kuliacha. "Hakuna anayeogelea, mama watoto, unajisumbulia nini?" Akamjibu, "Wewe hukai na njaa kwa sababu hakuna mgeni." Kila mwanzo wa joto, turubai likifunuliwa, maji yalikuwa yanaonyesha kila kigae chini, na lipu laini kama sahani. Alikuwa akipitisha kiganja kwenye ngazi ya kwanza, mara moja tu, kabla wenyewe hawajatoka. Alifurahi. Hakuna aliyejua, lakini alifurahi.

Sifa, bila shaka, zilikwenda kwingine. Miaka ilivyopita, mabwawa ya majirani yalibabuka, yakapigwa lipu upya, mengine mara mbili. La Wakili halikuguswa. Watu wakaanza kuuliza. Siku moja Wakili aliliokota daftari ukingoni, akalisoma, akadhani ni orodha ya sokoni. Akamwita Daktari. Na Daktari, mbele ya wageni watano, akakohoa, akasema, "Aa, hiyo ni njia yangu mwenyewe, mheshimiwa. Sisi mafundi wa zamani hatutumii tarakimu. Mimi maji nayasoma kama mtu anavyosoma mboga." Loo! Wageni wakapiga makofi. Tangu siku hiyo ikawa mchezo wa nyumba ile. Akija mgeni, Daktari anaitwa, anainua kichupa, anafumba jicho moja, kimya kinatanda. Na mkewe, anayemimina chai pembeni, anasema kwa sauti ya kawaida, "Baba watoto, usisahau, nyumbani nyanya zimeisha." Daktari anafumbua jicho. "Nyanya," anatamka. "Iliyoiva. Saba nukta nne." Makofi.

Mwanzoni, njiani kurudi, mumewe alimshika mkono na kusema, "Bila wewe ningekuwa nimekufa." Baadaye akaacha kumshika mkono. Baadaye kabisa alianza kumsimulia yeye, mkewe, jinsi alivyoivumbua njia ile ya mboga. Mtu akivikwa kilemba cha ukoka miaka mingi mwishowe hukiona cha hariri. Mama Chupa alisikiliza, akakoroga uji, akanyamaza. Alidhani kunyamaza ni sehemu ya kazi.

Halafu goti likakataa kabisa. Ilikuwa katikati ya baridi, mwaka wa ishirini na mbili. Daktari alishindwa kuinuka kutoka kwenye ndoo yake, mlinzi akaja kumnyanyua kama gunia. Wakili alisikia, akasema kwa upole kwamba sasa mzee apumzike, na kwamba wiki ijayo wakae waongee nani atashika kazi.

Usiku ule mke ndiye aliyeanza. Alikuwa hajawahi kuomba kitu.

"Unitaje," alisema. "Akikuuliza nani, useme mke wangu. Nataka kupita lile lango na kisanduku mkononi, baba watoto. Sitaki tena kupita na chupa."

"Kwani kuna mwingine? Nitakutaja."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu. Nitasema, huyu hapa, anajua kila kitu."

Alilala akiwa amelikunja lile neno moyoni. Asubuhi alitoa gauni lake la kijivu, akashona kifungo kilichotoka. Alijipangia jinsi mlinzi atakavyofanya akimwona na kisanduku. Alimwandalia na jibu.

Siku yenyewe walikaa kwenye baraza la nyuma, Wakili na Daktari vitini, yeye wima na chupa yake maana ndivyo ilivyozoeleka. Turubai lilikuwa na madimbwi ya mvua. Wakili alikuwa na daftari mapajani, analifungua ukurasa mmoja mmoja kwa heshima, kama Kitabu.

"Mzee, swali langu ni moja," alisema, kwa ile sauti yake ya mahakamani. "Hii elimu iliyomo humu. Kuna mtu yeyote uliyemfundisha kuisoma?"

Mama Chupa alikuwa anamimina kikombe cha pili.

"Hakuna," alisema Daktari.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mheshimiwa. Hii ni ya jicho. Haifundishiki."

Wakili alivua miwani, akageuka. Alikuwa mtu mwema, na kwa wema wake akaongeza, "Hata mama hapa? Maana yupo kila siku."

Daktari akacheka. Kicheko kizuri, kirefu, cha mtu aliyetaniwa.

"Huyu? Huyu huniletea chai tu."

Wakili naye akacheka. Mama Chupa alimaliza kumimina. Hakumwaga hata tone. Aliweka kikombe mbele ya mumewe, akamgeuzia mkono wa kikombe upande wa kulia kama anavyopenda, akafunga kizibo.

Nyumbani ndipo mambo yalipochachamaa.

"Ningemwambiaje?" Daktari alipiga kelele. "Nimwambie mwanasheria yule kwamba miaka ishirini na miwili nilikuwa namdanganya? Angenifunga!"

"Sikukwambia useme hivyo. Ungesema umenifundisha. Uongo huo ungekugharimu nini? Ningeumeza. Ningesema ndiyo, amenifundisha yeye, nyanya zake, vitunguu vyake. Ningekubali hata hilo!"

Mume alilitazama goti lake.

"Sema basi. Kwa nini?"

"Watu wangecheka."

"Wangemcheka nani?"

"Mimi!" alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alisema kweli. "Kwamba kumbe kazi yenyewe hata mke wangu anaiweza."

Mama Chupa alisimama pale jikoni kwake, na alihisi hasira ambayo hakujua kwamba anayo, hasira ya miaka, imelala chini kabisa kama tope. Alitaka kuvunja kitu. Hakuvunja. Alichukua chupa ya chai, akaiweka juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa.

"Kesho chai jipelekee," alisema.

Wiki tatu hakukanyaga nyumba ya Wakili. Mlinzi alituma salamu, hazikujibiwa. Daktari alijikokota kwa fimbo, akafika kwenye bwawa peke yake, akafungua kisanduku, akaona vile vichupa vya rangi ya matope. Akafanya nini? Akafungua daftari akatazama mstari wa mwisho. Ulisema: kitunguu, asidi kikombe. Basi akatia asidi kikombe. Juma lililofuata akatazama tena mstari wa mwisho, aliouandika bila kusomewa safari hii, ukasema kitunguu, akatia kikombe kingine. Na juma la tatu vilevile. Mvua nayo ilikuwa inanyesha, inazidi kuyazimua. Kila jioni alirudi na kukaa karibu na jiko, anamtazama mkewe kwa pembeni.

"Mama watoto, mtu akitia asidi mara tatu..."

"Mimi nitajuaje?"

Jioni ya kuamkia siku ya makabidhiano alishindwa, akamwangukia. Wakili amepata kampuni ya mabwawa, inaleta fundi mpya. Wakili kaalika na majirani wawili, wale wenye mabwawa yaliyobabuka. Watamtaka asome kwa mara ya mwisho. "Siku moja tu," alisema. "Njoo na chai. Useme tu lile neno, kama kawaida. Halafu sitakuomba tena kitu maishani."

Asubuhi mkewe aliishusha chupa kutoka kabatini, akaisuuza, akapika chai ya tangawizi.

"Mama Chupa!" mlinzi alipiga ukelele. "Nilidhani umetuhama! Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba," akasema, na hakuwa na mzaha wowote wa kumrudishia.

Fundi mpya alikuwa kijana nadhifu mwenye shati lenye nembo ya kampuni, mwenye adabu hata ukamhurumia. Alimsalimia Daktari kwa mikono miwili. Alikunja turubai, akachota maji kwa kina cha kiwiko. Mama Chupa aliona na akamkubali kimoyomoyo, anajua. Akadondosha matone matano, akatikisa, akainua kichupa kwenye mwanga.

"Mzee, sisi wadogo hatuwezi kusema mbele yako," alisema. "Tusomee."

Wakili alitabasamu. Majirani wakasogea. Daktari aliegemea fimbo, akakitazama kichupa, akafumba jicho moja. Kisha lile jingine likahama taratibu hadi kwa mkewe.

Mama Chupa aliona. Kutoka pale alipo, hatua sita, aliona vizuri kabisa. Kiini cha yai. Tena cha yai la kienyeji, njano ya kuwaka, isiyo na shaka hata chembe. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kuliacha bwawa lifike hapo. Neno lilimjaa mdomoni. Lilikuwa neno jepesi, mayai yameisha, baba watoto, basi, na Daktari angeguna, angesema maji haya yamechachuka, mvua hizi, tia magadi, na makofi yangepigwa, na angekwenda kupumzika na utukufu wake mzima. Macho ya mumewe yalikuwa yanamwomba. Alimjua mtu huyu. Aliona hata mshipa wa shingo unavyomcheza, na kuna sehemu yake iliyomhurumia, aibu iliyoje, baada ya yote bado ilimhurumia.

Alifungua kizibo.

"Chai tayari," alisema. "Karibuni chai."

Daktari alingoja. Alingoja zaidi. Mbwa alibweka huko mbele ya nyumba. Mwishowe akavuta pumzi.

"Nyanya," alisema. "Iliyoiva. Saba nukta nne."

Hakuna aliyepiga makofi. Fundi mpya alikitazama kichupa, akamtazama Wakili, akakitazama tena, kama mtu anayetafuta pa kujificha. "Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "samahani sana. Hii ni njano." Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akapiga goti, akaingiza mkono majini na kupapasa ngazi ya kwanza. "Na lipu imeanza kuliwa. Hapa tayari inakwaruza."

Hilo lilimchoma Mama Chupa kuliko alivyotarajia. Aliutazama ule mkono wa kijana ukipita pale alipokuwa akipitisha wa kwake.

Sasa imekuja, alijiambia. Sasa watauliza. Mtu asiyejua njano na nyekundu, huyo miaka yote alikuwa anasomewa na nani? Ni swali ambalo hata mtoto angeuliza, sembuse wakili. Alisimama wima, chupa mkononi, akangoja aulizwe. Na angejibu. Alikuwa tayari.

Wakili alinyanyuka kitini. Alikuwa na machozi. Akamwendea Daktari, akamshika bega.

"Macho, mzee wangu," alisema. "Macho yamechoka. Ni goti, na sasa ni macho. Wala usione haya. Umeyamalizia hapa, kwa ajili yetu. Miaka ishirini na miwili ya jua linaloakisi majini, nani asingeumia? Na hukukosea siku hata moja mpaka leo." Akawageukia majirani. "Hata moja, jamani. Ninalo daftari." Majirani wakatikisa vichwa kwa huzuni. Fundi mpya akainamisha chake. Mmoja akaanza kupiga makofi polepole, wengine wakamfuata, na makofi yakawa mengi kuliko ya siku yoyote. Daktari alisimama katikati yao, mdomo umemcheza, kisha machozi yakamtoka naye. Nadhani mwenyewe aliamini.

Halafu Wakili akamjia Mama Chupa. Alimshika mkono ule usio na chupa, kwa mikono yake miwili, kwa heshima zote.

"Mama," alisema, "sasa kazi inabaki kwako. Ulikuwa unamletea chai tu. Kuanzia leo wewe ndiwe macho yake."

Akamwitikia. Alisema, "Ahsante, mheshimiwa," kwa sababu ndivyo mtu anavyosema. Kisha akawamiminia wote chai, watu watano, ikatosha.

Njiani kurudi walikwenda polepole kwa ajili ya goti. Walipofika kwenye kona ya duka la vipuri Daktari alisimama.

"Kwa nini ulininyamazia?"

"Mimi huleta chai tu."

Akatembea. Naye akafuata, fimbo inagonga lami. Walipokaribia nyumbani akauliza tena, kwa sauti nyingine, sauti ile ya zamani ya mtu aliyekaa kwenye saruji amefunika uso.

"Kilikuwa rangi gani, mama watoto? Ile njano ilikuwa njano ipi? Ya karoti au ya yai?"

Mama Chupa alitoa ufunguo, akafungua mlango, akaingia. Swali hilo Daktari bado analiuliza, hasa baridi ikianza. Hajajibiwa mpaka leo.